Peke yako kwenye msongamano: kisa cha Paley Park

Mfanyakazi wa ofisi katikati ya Manhattan, New York, ana mapumziko ya mchana, tuseme nusu saa. Tangu asubuhi amezungukwa na watu: kwenye treni ya chini ya ardhi, kwenye lifti, kwenye meza yake isiyo na ukuta hata mmoja. Njaa si tatizo lake. Anachotaka ni kukaa peke yake kidogo, asiulizwe kitu, asilazimike kumsikiliza mtu. Nyumbani ni mbali. Ofisini hakuna mlango wa kufunga isipokuwa wa chooni, na wengi wamewahi kujificha humo kwa dakika tano wakijifanya wana shughuli. Aende wapi?

Mtaa wa 53 Mashariki, namba 3, hatua chache kutoka Fifth Avenue, kuna jibu ambalo ukilipigia hesabu za kawaida halikupaswa kufanya kazi. Paley Park ni kiwanja cha futi za mraba 4,200, yaani kama mita za mraba 390, kilichobanwa na kuta za majengo pande tatu. Saa saba mchana, siku ya jua, kinajaa. Ukuta wa nyuma, upana wake wote, ni maporomoko ya maji yenye kimo cha futi 20 hivi, yanayomwaga lita zipatazo 6,800 kila dakika. Ukiwa karibu nayo kelele inafika takriban desibeli 75, zaidi hata ya barabara iliyo nje. Kwa hiyo ni padogo, pamejaa na pana kelele. Na bado wanaopatumia wanapasifu kwa utulivu.

Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Wengi wetu tukitaka kuwa peke yetu mjini huwa tunatafuta mahali pasipo watu wala sauti, tunakosa, tunarudi tulikotoka tukiwa tumechoka zaidi. Maoni yangu ni kwamba tunatafuta kitu ambacho si hitaji lenyewe. Mtu aliyechoshwa na watu amechoshwa hasa na kutokuwa na uamuzi: wanakaa karibu naye bila yeye kupenda, wanamsemesha wakati wao, maneno yao yanamwingia kichwani bila kubisha hodi. Mrudishie uamuzi huo, hata kwa sehemu, na idadi ya watu walio pembeni yake haitamsumbua sana.

Historia ya kiwanja chenyewe ina kichekesho chake. Kabla ya bustani palikuwa na Stork Club, klabu ya usiku ambayo matajiri na waigizaji walikwenda ili waonekane na kuandikwa magazetini. Ilifungwa mwaka 1965, jengo likavunjwa. William S. Paley, mkuu wa shirika la utangazaji la CBS, akagharimia bustani mahali pale kwa kumbukumbu ya baba yake, Samuel. Msanifu alikuwa Robert Zion, ambaye mwaka 1963 alikuwa ameshatoa hoja kwamba katikati ya New York kunahitajika vibustani vingi vidogo, kila kimoja kikitosha kwenye nafasi ya jengo moja lililobomolewa. Watu walianza kuingia Mei 1967.

Kabla ya kuingia ndani, tuzipime kwanza njia nyingine alizonazo mfanyakazi wetu, maana bila hizo hatutaona Paley Park imeongeza nini.

Ya kwanza ni Central Park. Inaanzia Mtaa wa 59, mitaa sita tu kaskazini, na ina ukubwa wa ekari 843. Kwa ramani, jibu ni hilo. Kwa miguu, hesabu ni nyingine: mitaa sita ni karibu nusu kilomita, taa za kuvukia zipo kila kona, njia imejaa watu wanaotembea kwa haraka, na atakapofika ukingoni mwa bustani atakuwa bado hajafika sehemu tulivu. Nusu saa inaishia njiani. William H. Whyte, mhariri wa jarida aliyegeuka kuwa mtafiti wa mitaa, alitumia miaka ya 1970 kupiga picha za filamu za watu kwenye viwanja vya New York, mara nyingi akiwa juu ya mapaa. Aliona kwamba idadi kubwa ya wanaotumia kiwanja kidogo hutoka ndani ya mitaa mitatu hivi. Zaidi ya hapo, watu hawaendi. Utulivu ulio mbali ni wa Jumapili. Wa Jumanne saa saba mchana lazima uwe jirani.

Ya pili ni kanisa. Lipo la Mtakatifu Thomas, pale pale Fifth Avenue inapokutana na Mtaa wa 53, na makanisa makubwa ya mjini yamewahifadhi watu wengi wasio na hoja yoyote ya kidini. Ila kimya cha kanisa kina masharti. Ndani ya ukumbi wa mawe kikohozi chako ni tangazo. Ukifungua mfuko wa karatasi, watu watatu wanageuka. Unakaa mgongo wima, unajitazama unavyokaa. Kwa anayetaka kusali, hilo linamsaidia. Anayetaka kujisahau kwa muda atajikuta akijikumbuka kila anapopumua.

Ya tatu ni viwanja vya wazi mbele ya maghorofa. Maarufu kuliko vyote ni kile cha jengo la Seagram, Park Avenue, kilichofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950: sakafu pana ya mawe, vidimbwi viwili, kingo za kukalia. Ni pazuri, lakini ni jukwaa. Ukikaa kwenye ukingo unatazama barabara na barabara inakutazama. Kwa mtu aliyeshiba kutazamwa tangu asubuhi, hapo hapafai.

Sasa tuingie. Kutoka barabarani unapanda ngazi chache, pana, za mwinuko mdogo. Zinaonekana si kitu, lakini ni sehemu ya ujanja. Hazikatishi tamaa kama ngazi ndefu, wala hazikufichi na barabara. Unaweza kusimama chini, ukachungulia hadi mwisho wa bustani, ukaamua. Whyte alipenda kuwatazama wapita njia pale: karibu nusu yao waligeuza shingo kuchungulia ndani, na karibu nusu ya hao walitabasamu. Anayetafuta faragha anaweza kudhani kwamba mahali panapochunguliwa namna hiyo hapamfai. Ukweli ni kwamba mahali pasipoonekana kutoka nje panampa kila anayeingia, hasa mwanamke aliye peke yake, swali la kwanza: kuna nani humo? Kama huwezi kulijibu kabla ya kuingia, huingii. Kujitenga mjini kunahitaji kwanza uhakika kwamba ukitaka msaada utaonekana.

Kuta za pembeni zimefunikwa na mimea inayotambaa. Juu kuna miti yenye vijani vidogo vinavyochuja jua bila kulizuia, iliyopandwa kwa umbali wa futi 12 hivi, kwa hiyo unapata paa bila kujihisi umefungiwa. Kuta hizo tatu zina kazi moja muhimu kuliko urembo: hakuna anayepita. Kiwanja hakielekei popote. Aliyeingia amekuja kukaa, na ukishakaa ukutani hakuna mtu atakayetokea nyuma yako. Unaona kila anayeingia, muda mrefu kabla hajakufikia.

Maji yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Inasemwa mara nyingi kwamba sauti ya maji hutuliza, kana kwamba ni dawa. Whyte alirekodi sauti ya maporomoko hayo akawachezea watu bila kuwaambia ni nini. Walikunja uso. Walidhani ni treni ya chini ya ardhi au malori barabarani. Yaani sauti yenyewe, ikitolewa mahali pake, ni mbaya. Kinachoifanya ipendeze ni kile inachokizika.

Sikio halichoshwi na sauti kubwa tu. Linachoshwa zaidi na sauti inayobadilika. Honi inayolipuka penye utulivu ni mshtuko kwa sababu imepanda ghafla kutoka chini hadi juu. Honi hiyo hiyo ikilipuka penye mngurumo wa desibeli 70 na kitu haina pa kupandia, inazama. Maji yanajaza karibu kila ngazi ya sauti kwa wakati mmoja, hayana mdundo wala neno, kwa hiyo baada ya dakika mbili ubongo unaacha kuyafuatilia.

Na la pili, kubwa zaidi kwa kisa chetu: maji yanameza mazungumzo. Mtu akizungumza karibu nawe kwa lugha unayoielewa, huwezi kuamua kutomwelewa. Ni mbaya zaidi akiwa kwenye simu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa kuwa akili inahangaika kukisia upande uliokosekana. Pale Paley Park meza zimekaribiana kiasi cha kugusana magoti, lakini maneno ya jirani hayakufikii, na yako hayamfikii. Wawili wanaweza kugombana kwa sauti kubwa na wewe ukaona midomo tu. Whyte aliandika kwamba siku maji yalipozimwa, uchawi ulikatika, na mahali pakapoteza mvuto na faragha yake. Kuta hazikuwa zimesogea hata inchi. Kilichopungua ni umbali wa masikio.

Halafu viti. Ni vya waya, vyepesi, havikufungwa wala kuchimbiwa chini. Ukisimama dakika kumi ukatazama namna watu wanavyokaa, utaona jambo ambalo Whyte alilinasa kwenye filamu zake mara kwa mara: mtu anakifikia kiti, anakisogeza kushoto sentimita chache, anakirudisha kulia, na pengine kinaishia pale pale kilipokuwa. Kisha anakaa. Kiti hakikuwa na kasoro. Alichokifanya ni kutangaza, kwake mwenyewe na kwa walio karibu, kwamba nafasi hii sasa ni yake. Kama jirani anageuka kumpa nafasi, naye anageuza kiti chake kidogo kumrudishia. Hawajasemeshana, hawajatazamana vizuri, ila wameshakubaliana.

Benchi la zege haliwezi kufanya hivyo. Benchi limeshaamua utaelekea wapi na utakuwa karibu na nani. Akija wa pili, anakaa kwa umbali ambao mchoraji aliuamua miaka mingi iliyopita. Kiti kinachohama kinakuruhusu umpe mtu mgongo bila kumkosea adabu, kwa kuwa umegeukia maji tu. Mwanasosholojia Erving Goffman alieleza mwaka 1963 jinsi watu wa mjini wanavyotendeana heshima kwa kutojaliana: unamtupia mtu jicho la haraka kuonyesha umemwona, kisha unaliondoa ili ajue huna shida naye. Ni kazi, na ukiifanya siku nzima inachosha. Viti na maji vinakufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Una kitu cha kutazama ambacho si mtu, na una sababu ya kuelekea upande ulioelekea.

Hapa lazima niseme jambo linalopingana kidogo na namna Whyte anavyosomwa. Wapangaji wa miji wanamtumia kuthibitisha kwamba watu wanavutwa na watu, basi tujaze viwanja shughuli, muziki, mashindano. Ni kweli aliona watu wanasongamana wenyewe bila kulazimishwa. Lakini kuna matokeo yake mengine yanayotajwa kwa nadra: viwanja vinavyotumika zaidi vina wawili-wawili na makundi kwa wingi, na papo hapo, kwa idadi, vina watu walio peke yao wengi kuliko viwanja vitupu. Mtu aliye peke yake hakimbilii kiwanja kisicho na mtu. Huko anakuwa yeye pekee wa kutazamwa, kila anayepita anajiuliza anafanya nini. Kwenye watu wengi anakuwa mmoja wao.

Tena kamera iliyo juu ya paa inahesabu miili. Haiwezi kuonyesha ni nani kati ya waliokaa amekuja kukutana na wenzake na nani amekuja kuwakimbia. Nadhani Paley Park ilisifiwa sana kama mahali pa kukutana, na haikusifiwa vya kutosha kama mahali pa kuachwa. Mwaka huo huo wa 1967 Alan Westin, mwanazuoni wa sheria na siasa, aliigawa faragha katika hali nne: kuwa peke yako kabisa, kuwa na wa karibu wako tu, kutojulikana katikati ya watu, na kujizuia kusema yaliyo moyoni. Bustani hii haitoi hata kidogo ile ya kwanza. Inatoa ya tatu kwa wingi, na kwa wanaokuja wawili inatoa ya pili, pale mezani, ndani ya ukuta wa sauti. Mfanyakazi wetu alipotoka ofisini alidhani anataka ya kwanza. Akirudi kazini ametulia, ni kwa sababu ya tatu ilimtosha.

Haimtoshi kila mtu, wala kila siku. Aliyefiwa jana anayetaka kulia kwa sauti hatalia Paley Park, ingawa akitiririkwa machozi kimya kimya akielekea maji hakuna atakayejua. Mwenye kazi ya kufikiri inayohitaji saa tatu mfululizo ataanza kuona haya kukishikilia kiti huku wengine wamesimama. Whyte aliona pia kwamba wanawake huchagua kwa makini zaidi viwanja na sehemu za kukaa, wakipendelea zilizojitenga kidogo huku wanaume wakijipanga mbele, na kwamba kiwanja chenye wanawake wachache kwa kawaida kina kasoro. Ningekuwa mtu wa kukagua viwanja vya mji, kabla ya kuhesabu miti ningehesabu wanawake wanaokaa peke yao.

Kasoro kubwa ya kisa hiki iko kwenye umiliki. Paley Park ni mali binafsi, inaendeshwa na taasisi ya hisani, na ina lango linalofungwa usiku. Mlinzi yupo. Kwa sifa zote, utunzaji wake ni wa hali ya juu: viti havikuibwa hadi vikaisha, maji yanatiririka, takataka haionekani. Lakini maana yake ni kwamba anayekuruhusu kuwa peke yako ni mtu, ana saa zake, na ana picha kichwani ya nani anayestahili kukaa muda mrefu. Aliyevaa suti akisinzia kitini amepumzika. Aliyebeba mifuko mitatu mikubwa akisinzia kwenye kiti hicho hicho, katika viwanja vingi vya mji, anaguswa bega. Whyte alikuwa na msimamo wa wazi juu ya hofu ya watu wasiotakiwa: viwanja vinavyojengwa ili kuwafukuza hao huishia kumfukuza kila mtu. Wenye majengo walisikia nusu ya maneno yake.

Ushahidi uko kote mjini. Mwaka 1961 New York iliweka kanuni mpya za ujenzi: mwenye ghorofa akiacha kiwanja cha wazi kwa umma, anaruhusiwa kuongeza nafasi ya sakafu juu. Wenye maghorofa walichangamka, viwanja vikazaliwa, vingi vikiwa sakafu tupu yenye upepo na miiba ya chuma kwenye kingo. Mwaka 1975, kwa msukumo wa kazi ya Whyte, kanuni zikarekebishwa na kudai viti, miti na mwanga. Jerold Kayden na wenzake walipokagua viwanja 503 vya aina hiyo kwenye majengo 320, matokeo yaliyotoka mwaka 2000 yalionyesha kwamba asilimia 41 havikuwa na manufaa ya maana kwa umma. Paley Park haikuzaliwa na mpango huo. Hakuna ghorofa lililorefushwa kwa ajili yake. Aliyeitoa alitaka itumike, na tofauti hiyo inaonekana hadi kwenye uzito wa kiti.

Waliojaribu kuiga mara nyingi walinunua maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayoonekana kwenye picha. Wakayaweka katikati, yakapiga sauti ndogo isiyozika chochote, kisha wakachimbia mabenchi chini wakihofia wizi. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, ningeanza na viti vinavyohama, kisha ukuta mmoja wa kuegemea, na maji yangesubiri. Bryant Park, mitaa kumi na moja kusini mwa pale, ilipofunguliwa upya mwaka 1992 iliwekewa viti vingi vya kuhama kwenye eneo lililokuwa limekimbiwa na watu, na inajaa bila kuwa na ukuta wa maji.

Na mfanyakazi wetu? Mchana ameshapata jibu: kiti cha pembeni, kama theluthi mbili ya njia kuelekea nyuma, mgongo ukutani, maji upande mmoja na barabara upande wa pili. Huko maji yanatosha kuzika honi bila kumlowanisha. Akitoka kazini usiku akitaka nusu saa nyingine kabla ya treni, atakuta lango limefungwa, na hakuna kanuni ya mji inayomlazimu mwenye bustani kulifungua.